Mombasa, Wundanyi, Takaungu na MGB ya 1972: shajara ya gari iliyozima njiani ikarudi nyumbani kwa magurudumu yake

Watu wakiona gari ya spoti ya zamani swali la kwanza ni "itafika?", hata mwaka wake hawaulizi. Hapa Mombasa ndio zaidi maana macho yetu yashazoea Probox zinazokimbia na mirungi usiku kucha, sasa ukitokea na kigari cha chini cha milango miwili chenye miaka hamsini na kitu mtu anakupa pole kabla hujaondoka. Jibu langu ni kwamba inafika, lakini kuna sharti, na kwa ajili ya hilo sharti ndio naandika safari hii siku kwa siku. Hizi gari haziuliwi na barabara. Zinauliwa na kukaa, na huku kwetu pwani zinauliwa na kukaa karibu na bahari. Gari inayotembea kila wiki ina matatizo madogo na mwenyewe anayajua yote, ile iliyofunikwa turubai miaka ina matatizo yaliyolala, na siku ukiitoa yanaamka yote pamoja.

Njia tuliyopanga: Mombasa hadi Voi, Voi kupanda Wundanyi, kurudi hadi Mariakani alafu badala ya kushuka na malori mpaka Changamwe tukate Kaloleni tutokee Mavueni, tulale Takaungu kwa shangazi, kisha nyumbani.

Alhamisi jioni, Kisauni

Gari yangu ni MGB GT, ile ya bampa za kromu, injini 1798 cc, kabureta mbili za SU. MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 mpaka 1980, zaidi ya laki tano, na hii GT yenye paa ilianza 1965. Kwa wingi huo ndio maana spea zake zapatikana mpaka leo, japo kuhusu ubora wa hizo spea mpya nina maneno, ntayasema tukifika Bachuma. Nimeinunua kwa familia moja Nyali, ilikuwa imesimama tangu mzee wao afariki, mita chache kutoka ufuoni. Gari ya pili ni Datsun 240Z ya binamu yangu, silinda sita, 2393 cc, na yeye huenda nayo kazini karibu kila siku. Kwa hivo tulikuwa na gari mbili za rika moja, moja iliyolala na moja isiyolala.

Aliyekaa na mimi ni Ami, mdogo wake marehemu baba, fundi wa miaka mingi Shimanzi. Alipofika hakuangalia injini. Alilala chini akaangalia waya wa athi, ule mkanda wa shaba unaofunga injini na bodi. Ulikuwa umefanya unga wa kijani.

"Waona hapa," akaniambia, "taa, geji, stata, kila kitu chachukua moto kwa betri, na huo moto sharti urudi. Warudi kwa bodi. Bodi ikiliwa na chumvi moto hauna njia, na wewe utamlaumu aliyetengeneza taa."

Nimelishika sana hilo. Waingereza wenyewe wameipa kampuni ya Lucas, iliyotengeneza umeme wa gari zao nyingi, jina la Mwana wa Mfalme wa Giza, na kila mtu anarudia. Lakini ukifungua viungo vya waya vya hizi gari unakuta vile vichwa vidogo vyenye umbo la risasi ya bunduki vinavyochomekwa kwenye mpira, na ndani pana kutu. Taa nzima, swichi nzima, kiungo ndio kimeoza. Tukapiga msasa kila athi tuliyoiona mpaka shaba ikang'aa, tukapaka grisi, tukafunga. Zile za mbele nyuma ya grili hatukuzifikia kwa sababu giza lilikuwa limeingia na boliti zimeshikana, Ami akasema tutaziangalia njiani zikitaka wenyewe.

Vitu tulivyobeba kwenye buti: fanibelti, kontakti pointi, rota, plagi, waya mita kadhaa, tepu, klipu za hosi za kila saizi, fila geji, taa ya kupimia umeme, maji madumu mawili, oili 20W-50, tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa vipande, pembetatu za onyo, na kitambaa kikubwa cha pamba. Nilishangaa na kitambaa. Kesho yake nikaona kazi yake.

Ijumaa, Mombasa hadi Voi

Tuliondoka baada ya Alfajiri tuwahi kabla Changamwe haijajaa. Kaskazi imekolea, Februari hii, hata alfajiri shati lanata mgongoni. Miritini sawa, Mazeras sawa, kufika Mariakani kuna foleni ya malori ya mizani na sisi ndani yake. Feni ya MGB inazungushwa na injini yenyewe kupitia belti, kwa hivo ukisimama injini inazunguka polepole na feni nayo polepole, hewa haipiti kwenye rejeta. Sindano ya geji ya joto ikatoka kwenye N, pale pa kawaida, ikaanza kuelekea H, pale pa moto.

"Fungua hita," Ami akasema.

Hita, Mariakani, mwezi wa pili. Nikafungua yote na feni yake, jasho likanitoka lakini sindano ikarudi. Hita ni rejeta ndogo ya pili, maji ya moto ya injini yanapita ndani yake na joto linaingia kwako badala ya kubaki kwenye injini. Unaumia wewe, gasketi ya hedi inapona, na hiyo biashara mimi nafanya kila siku.

Baada ya Samburu barabara ikafunguka. Nikaingia gia ya nne nikabonyeza ovadraivu, ile gia ya ziada ya kupunguza mizunguko, injini ikashuka sauti, na hapo ndio unaelewa kwa nini mtu anahangaika na hizi gari. Usukani unakuletea kila kokoto mkononi. Unakaa chini, pua ya gari iko mbali mbele yako, na nyika ya Taru inakuja pande zote mbili. Binamu alikuwa nyuma yangu na ile silinda sita nkawa naisikia kabla sijaiona kwenye kioo.

Mackinnon Road tukasimama pale kwenye kaburi la Sayyid Baghali Shah kando ya reli, watu wa pwani wanajua, hupiti hivi hivi bila dua ya safari. Tukaomba, tukanywa chai, tukakaa. Kurudi kwenye gari Datsun ikawaka mara moja, ikatembea kidogo tu, ikakohoa, ikazima. Stata yazunguka vizuri, injini haishiki.

Hii ndio petroli kuchemka, na 240Z wanaijua. Pampu yake ya petroli inasukumwa na injini na imefungwa kwenye hedi yenyewe, alafu mirija ya petroli inapita pembeni ya injini juu ya ekzosi. Ukiwa unatembea petroli baridi inaingia kila wakati na upepo unapita, hakuna neno. Ukizima injini ya moto, feni imesimama, maji yamesimama, joto lote linapanda juu, boneti imefungwa, na ile petroli kidogo iliyobaki kwenye mirija inageuka mvuke. Pampu inajua kusukuma maji maji, mvuke haiuwezi. Gari imechukua petroli iliyokuwa kwenye bakuli za kabureta, ndio maana ikawaka na kwenda kidogo, alafu ikakosa nyingine.

Ami akatoa kitambaa, akakilowesha, akakizungushia pampu na mirija, akaacha boneti wazi akaenda zake kukaa kivulini. Alipotosheka akasema piga. Ikawaka. Binamu akaamua kuanzia hapo kila tukisimama boneti inafunguliwa, na haikumsumbua tena mpaka tunarudi.

Sasa sikiliza ya kwangu. Tumepita Bachuma, jua limepanda, MGB ikaanza kupiga misi. Mara moja, mara mbili, geji ya mizunguko ya injini ikawa inarukaruka, mwisho ikafa kabisa nikaiserereza mpaka pembeni. Binamu akashuka ameshika kitambaa mkononi tayari, na dereva wa trela aliyesimama kutusaidia naye akasema ni petroli imechemka, taniboi wake naye akasema hivo hivo. Joto lile lile, dalili zile zile, nani asingesema.

Tukaweka pembetatu na matawi barabarani mbali kabisa maana pale malori hayachezi. Ami akaniambia fungua swichi usipige stata. MGB pampu yake ni ya umeme, SU, iko nyuma chini ya gari upande wa kulia, na ukifungua swichi unaisikia, tik tik tik kama saa ya ukutani, alafu bakuli za kabureta zikijaa inanyamaza. Ikapiga tik chache ikanyamaza. "Basi petroli iko," akasema. "Ingekuwa mvuke ingepiga bila kunyamaza. Hii si petroli babangu, hii ni moto wa plagi."

Akachomoa waya wa plagi akaushikilia karibu na chuma kwa koleo lenye mpira, nikapiga stata. Cheche ilikuwa ya njano, nyembamba, inakuja na kukosa. Cheche nzuri ni ya bluu na inalia. Akafungua kifuniko cha distribyuta, kile chombo kinachogawa moto kwa plagi, nikapiga stata tena, na kwenye kontakti pointi, zile ncha mbili zinazofunga na kukata umeme wa koili, tukaona moto unaruka kila zikifunguka.

Hapo kosa ni la kondensa. Ni kijikopo kidogo cha bati, lakini bila hicho gari haiendi. Pointi zinapofunguka umeme wa koili unataka kuruka pengo uendelee na safari, kondensa inaumeza kwa muda mfupi sana ili ukatike ghafla, na ule ukatikaji wa ghafla ndio unaoifanya koili itoe volti maelfu kwa maelfu za kuruka kwenye plagi. Kondensa ikiharibika umeme unapotelea kwenye pointi zenyewe, cheche inakuwa maskini na pointi zinaungua. Na kondensa mbovu mara nyingi hufanya kazi ikiwa baridi, ikipata moto inakata, ikipoa inarudi, ndio maana watu wanasema petroli imechemka na wakisubiri nusu saa inawaka wanaamini wako sahihi. Wanaondoka, inakufa tena mbele.

Kilichoniuma ni kwamba ile kondensa ilikuwa mpya. Iliingia na sevisi, imetoka kwenye pakiti. Nataka niseme wazi maana nimeona wenye gari hizi wengi wanabadilisha kila kitu kabla ya safari wakidhani mpya ni salama. Kwa kondensa na rota, zinazouzwa sasa nyingi ni dhaifu kuliko zile za zamani, na kama uliyonayo ya zamani inafanya kazi, iache pale pale, hiyo mpya ndio ikae kwenye buti.

Ami akapanda boda mpaka Maungu. Nikakaa na dereva wa trela, yeye ni wa Jomvu, tukaongea mambo ya breki mpaka ikabidi aende. Ami alirudi na kondensa ya Peugeot 504, kuukuu, na kipande cha waya kimening'inia, ameipata kwa fundi aliyekuwa nayo kwenye mkebe wa misumari. Nikauliza itaingiaje kwenye distribyuta ya Lucas. Haiingii, na haina haja kuingia. Kondensa za gari za pointi karibu zote zinafanana nguvu, kinachotakiwa ni mguu mmoja uguse terminali ya koili ile inayoenda kwenye distribyuta na bati lake liguse chuma. Akaifunga nje, kwenye boliti ya koili yenyewe, akakata ile mbovu waya wake, akasafisha pointi kwa msasa, akapima pengo inchi 0.015, ikawaka kwa robo mzunguko. Cheche bluu. Na imekaa pale mpaka saa hii naandika, siitoi.

Swala ya Ijumaa ikatupita njiani, tukaswali adhuhuri yetu ya safari Maungu chini ya mwarobaini, tukaingia Voi mchana.

Usiku baada ya kula Ami akaanza habari za Safari Rally. Alikuwa kijana, wanafuatilia kwa redio. Akatuambia watu wanazikumbuka zile gari kama vile hazikuharibika, na ukweli ni kinyume. Mwaka 1963 zilianza gari 84 zikamaliza 7. Mwaka 1968 zikaanza 93, zikamaliza 7 tena, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Zilikuwa gari mpya hizo, zina mafundi na spea zinawangoja njiani. Binamu akaingilia na 240Z yake, kwamba ilichukua 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, alafu 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, na huyo Mehta akaja kushinda tena miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Ami akakubali, akasema gari iliyoshinda si ile isiyoharibika, ni ile inayotengenezeka upesi. Nililala nikiifikiria hiyo kauli kwa sababu inaeleza vizuri kwa nini mimi nasafiri na gari ya kontakti pointi na kabureta. Kila kinachokufa ndani yake nakiona kwa macho.

Jumamosi, Voi hadi Wundanyi

Siku nzuri, maneno machache. Voi hadi Mwatate barabara nzuri, mashamba ya mkonge, alafu kutoka Mwatate ndio unaanza kupanda, kona juu ya kona. Nilipanda kwa gia ya pili na ya tatu, injini nikiiweka juu kidogo isifanye kazi nzito kwa mizunguko michache, maana hapo ndipo inapochemka. Hita wazi. Kuna lori la mchanga mbele yetu lilitupunguza mpaka mwendo wa mguu na bado sindano haikugusa H.

Ami akaeleza habari ya kofia ya rejeta ambayo wengi hapa kwetu wanaitupa na kufunga yoyote. Ile ya MGB ni ya presha ya pauni 10 kwa inchi ya mraba. Maji yakifungwa chini ya hiyo presha hayachemki kwa digrii 100, yanafika karibu 115. Ukiweka kofia legevu ushapoteza digrii zote hizo, na huku milimani maji yasiyo na presha yanachemka hata chini ya 100. Kwa hivo kofia ya bei ndogo tu ndio inayoamua kama unafika Wundanyi ama unakaa kwenye kona na madumu.

Wundanyi kuna baridi, mashallah, watu wamevaa sweta na huku chini tumeacha moto. Kilele cha Vuria, mita 2,208, kilikuwa ndani ya wingu. Injini ilipenda ile hewa, ikawa inaunguruma laini, sauti moja. Tukala kimanga, chakula cha Wataita, kwa mama mmoja sokoni, watoto wakaizunguka Datsun, binamu akawaacha waingie mmoja mmoja washike usukani.

Jumapili, Wundanyi hadi Takaungu

Tukishuka nikasikia harufu tamu ya kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, kabla sijaona chochote. Katikati ya kona nikaona mvuke kidogo ubavuni mwa boneti, nikasimama palipo pana. Hosi ya hita imepasuka, ule mpira mwembamba, karibu kabisa na klipu. Ukiubinya unasikia unakwaruza ndani, umekauka. Mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka na joto, na huu umekaa Nyali ukikauka bila gari kutembea hata siku moja. Kwa nje ulikuwa mweusi mzuri.

Pale pale tulizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, kuvuta kwa nguvu tabaka juu ya tabaka, waya juu yake, na kofia ya rejeta tukailegeza nusu ili presha isijenge na kuupasua tena. Ndio, maji yanachemka mapema hivo, lakini tulikuwa tunashuka, injini haifanyi kazi, na mteremko unakupa hewa bure. Tukafika Mwatate.

Mwatate tukafanya kazi ya kudumu zaidi. Hita ina mipira miwili, mmoja unaleta maji na mmoja unayarudisha. Tukakata ile sehemu mbovu, tukaunganisha mlango wa kutokea injini na mlango wa kurudia kwa mpira mmoja mzima, maji yakawa yanazunguka bila kupita kwenye hita. Fundi wa baiskeli aliyetupa benchi lake hakutaka pesa, tukanunua kwake tyubu nyingine. Hita sasa hatuna, na Ami akasema kutoka hapa ni tambarare mpaka bahari, hatutaihitaji kama hatutakaa kwenye foleni. Hiyo ikawa sababu ya pili ya kuikwepa Changamwe.

Mariakani tukakata kushoto kuelekea Kaloleni na raha ya gari ikarudi. Barabara ya vilima na minazi, hakuna trela, jua laanguka. Binamu mbele, mimi nyuma. Tukanywa madafu Kaloleni, magharibi ikaingia, nikawasha taa.

Zikawaka nyekundu. Kidogo tu, hazifiki mbali, na nikiwasha indiketa taa zinacheza pamoja na indiketa. Ami akasema kabla hajashuka, "zile athi za mbele." Taa zikikosa njia yao ya kurudi zinajaribu kupita kwenye njia ya jirani, ndio maana indiketa na taa kubwa zinachezeana. Hakufungua hata kiungo kimoja. Akachukua waya mpya, akagusisha mguu wa athi wa taa moja na ncha nyingine moja kwa moja kwenye boliti ya injini, taa ikalipuka nyeupe. Akafanya na ya pili. Muda wa kunywa dafu moja, basi.

Hapo tukazungumza pia habari ya rilei. Gari hizi mbili zote, MGB na 240Z, umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi anayoishika dereva. Miaka inavyokwenda swichi inapata joto, plastiki inayeyuka, na taa zinapungua nguvu njiani. Ukiweka rilei, swichi inabaki kutoa amri tu na umeme mzito unapita kwa njia yake fupi. Binamu alishaweka zake, na taa zake zilikuwa zinatuonyesha barabara sote wawili mpaka Mavueni.

Takaungu shangazi alikuwa amengoja na wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ami akamwambia gari imekuja nzima.

Jumatatu, Takaungu hadi Mombasa

Asubuhi nikafungua swichi, kimya. Hakuna tik hata moja. Nikaenda nyuma, nikalala chini, nikaigonga pampu na mpini wa bisibisi taratibu. Tik tik tik tik, ikanyamaza, gari ikawaka.

Ndani ya hiyo pampu kuna pointi ndogo mfano wa zile za distribyuta, na zenyewe zinaungua na kushika utando, hasa pampu ikikaa miaka bila kazi. Zikisimama mahali pabaya umeme haupiti, ukizitikisa zinagusana. Kugonga kunakufikisha nyumbani lakini ni dalili, dawa yake ni kufungua kofia ya nyuma na kuzisafisha ama kubadilisha, na zipo pia pampu hizo hizo zilizowekwa transista badala ya pointi, kwa nje huwezi kutofautisha.

Foleni ya Mtwapa ilikuwa ile ile tunayoijua. Bila hita nikazima injini kila tukisimama sana, boneti nikaifungua kwenye kile kikato cha kwanza cha usalama ili hewa ya moto itoke, sindano ikakaa. Binamu nyuma yangu kafanya vivyo hivyo. Bamburi, daraja la Nyali kwa mbali, Kisauni.

Nimekaa na Ami barazani tukaorodhesha. Datsun inayotembea kila siku ilisimama kwa umbile lake tu, joto na mirija, na kitambaa kikaimaliza. MGB iliyolala ilitoa hosi iliyokauka, athi zilizoliwa na chumvi, pampu iliyoshika utando, vitu vyote vya kukaa. Kondensa peke yake ndio haikutokana na kukaa, hiyo imetokana na spea mbaya. Injini, giaboksi, breki, difu, vile vitu vikubwa ambavyo watu hunitishia navyo, havikusema neno safari nzima.

Wiki hii mipira yote ya maji inabadilishwa, si ile moja tu, na viungo vya mbele nyuma ya grili vinafunguliwa hata kama boliti zitakatwa. Rilei mbili za taa nshanunua Mwembe Tayari. Pampu Ami anataka kuifungua yeye mwenyewe mezani. Binamu anafunga kinga ya bati kati ya mirija yake ya petroli na ekzosi. Tukimaliza hayo twavuka feri Likoni twende Lunga Lunga, na kama una Triumph ama Alfa ama MG imefunikwa turubai hapa kisiwani ama Nyali na wataka kuja, itoe sasa, izungushe kila siku mpaka Bamburi na kurudi, ifie karibu na nyumbani yale ya kufia, alafu twende sote.